Mizani ya Mlimani: Wakulima wa Kilimanjaro na Chama Chao cha Kahawa

Walowezi wa Kizungu waliolima kahawa kuzunguka Moshi katika miaka ya 1920 walikuwa na ombi moja ambalo hawakuchoka kulipeleka serikalini: Wachagga wazuiwe kupanda kahawa. Sababu walizotoa zilisikika za kitaalamu. Mwenyeji, walisema, hajui kupambana na wadudu, kwa hiyo shamba lake litakuwa chimbuko la magonjwa ya kuangamiza mashamba ya majirani. Tena akiwa na mibuni yake mwenyewe atapata mwanya wa kuiba buni za mlowezi na kuziuza kama zake. Sababu iliyowauma zaidi ndiyo waliyoitaja kwa sauti ya chini. Mtu mwenye mibuni nyuma ya nyumba yake hana haja ya kwenda kuchuma kahawa ya mwingine ili apate shilingi za kodi.

Ng'ambo ya mpaka, Kenya, walowezi walikuwa wamepata walichokitaka. Mwafrika wa nyanda za juu za Kenya hakuruhusiwa kulima kahawa, na hata serikali ilipoanza kulegeza masharti katika miaka ya 1930 ilianzia mbali na mashamba ya Wazungu, huko Kisii, Embu na Meru, tena kwa vipande vidogo. Tanganyika mambo yalikwenda njia nyingine. Kwanza, nchi hii ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na Mwingereza alitakiwa kutoa hesabu, japo ya juu juu, ya hali ya wenyeji. Pili, na hili ndilo lenye uzito, walowezi walichelewa. Wakati wanaandika barua zao, kahawa ilikuwa imekwisha kuota mizizi migombani.

Mibuni ya kwanza ya Kilimanjaro ililetwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walioipanda Kilema katika miaka ya 1890. Baadhi ya Mamangi, yaani watawala wa Kichagga, akiwamo Marealle wa Marangu, walijipatia miche mapema wakati wa Wajerumani. Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, mlima ukawa na njia ya kwenda baharini, na Wazungu wakafuata reli hiyo wakitafuta ardhi. Vita Kuu ikaja, Waingereza wakaingia Moshi Machi 1916, bendera ikabadilika. Kahawa ikabaki.

Asiyekijua kihamba atashindwa kuelewa kwa nini zao hili liliwafaa Wachagga upesi hivyo. Kihamba ndipo ukoo ulipo: nyumba, zizi la ng'ombe wanaolishwa ndani, makaburi ya wazee, na migomba inayofunika vyote. Maji huletwa na mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na mababu kutoka msituni na kugawanywa kwa zamu. Mbuni uliwekwa chini ya kivuli cha mgomba, ukanywa maji ya mfongo uleule na kula samadi ileile. Chakula hakikuhamishwa kupisha zao la biashara. Bei ya kahawa ikianguka huko London, familia ingekula ndizi kama jana. Mlowezi aliyekopa benki akapanda kahawa tupu ekari baada ya ekari hakuwa na kinga hiyo, na nadhani alilijua hilo kuliko alivyokubali kusema.

Kulikuwa na upande mwingine wa kihamba ambao historia za ushirika huupita haraka. Ndizi na soko lake vilikuwa mikononi mwa wanawake. Kahawa iliandikwa jina la mwanamume, kwa sababu kihamba kilirithiwa na mwana wa kiume. Wanawake walichuma, wakabeba, wakamenya, wakaanika. Jina kwenye daftari likawa la mume. Kasoro hiyo ilizaliwa pamoja na chama na ikadumu nacho kwa miongo mingi.

Ofisa wa Kiingereza aliyeitawala wilaya ya Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikuwa Charles Dundas, mtu aliyevutiwa na Wachagga kiasi cha kuandika kitabu kizima juu yao, kilichotoka mwaka 1924. Aliona kahawa kuwa njia ya wenyeji kulipa kodi bila kuhama mlima, akaihimiza. Wapo wanaomsimulia Dundas kana kwamba yeye ndiye baba wa kahawa ya Mchagga. Sifa anastahili, lakini si hiyo. Alikuta watu wanaopanda, akawapa kinga ya ofisi dhidi ya majirani zao Wazungu. Kazi ya kupanga ilifanywa na wengine, na mmoja wao alikuwa karibu naye sana.

Joseph Merinyo alikuwa mtu wa Old Moshi, Mlutheri, aliyewahi kwenda Ujerumani pamoja na tajiri wake mlowezi enzi za Wajerumani. Alirudi akiwa ameona masoko, ofisi na mahesabu ya Wazungu kwa ndani, jambo ambalo Wachagga wachache sana wa rika lake waliweza kulisema. Waingereza walipoingia akawa msaidizi wa Dundas. Akawa kiungo kati ya ofisi ya wilaya na vihamba, na bila shaka alisikia kila malalamiko ya walowezi yaliyofika mezani.

Mwaka 1925 Merinyo na wenzake wakaunda chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, kilichojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, KNPA. Tazama walivyoanza. Walowezi walisema Mchagga ataleta magonjwa. Chama kikaanza kwa kununua mabomba ya kupulizia dawa na kuhimiza usafi wa mibuni. Walowezi walisema buni zitaibwa. Chama kikakusanya kahawa ya wanachama na kuiuza kwa pamoja, ili ijulikane imetoka kwa nani. Kila hoja ya kutaka marufuku ilijibiwa kwa kitendo chenye gharama, na gharama hiyo ililipwa kwa kukata kiasi kidogo katika mauzo ya wanachama wenyewe. Hakuna aliyewapa ruzuku. Huo ulikuwa mpango wa uchumi kamili: tatizo lilitajwa, fedha zikapatikana, watu wakachaguliwa kuzisimamia. Miaka mingi baadaye Tanganyika huru ilipotaka mpango wake wa kwanza wa miaka mitatu, iliuegemeza kwenye ripoti ya ujumbe wa Benki ya Dunia iliyotoka mwaka 1961. Wakulima wa mlimani hawakuwa na ujumbe wa kuwaandikia.

Maelfu wakajiunga ndani ya miaka michache. Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu chama kilichokusanya watu wa Machame, Kibosho, Old Moshi, Kilema, Marangu na Rombo chini ya uongozi mmoja kilikuwa kitu kigeni mlimani. Kwa vizazi vingi Kilimanjaro ilikuwa ya Mamangi walioshindana, mara kwa vita, mara kwa fitina za kuwatumia wageni. Sasa alitokea mtu asiye wa nasaba ya utawala anayeitisha mkutano na watu wa umangi wote wanahudhuria. Baadhi ya Mamangi walikuwa wakulima wakubwa wa kahawa na walifaidika na soko la pamoja, lakini hawakupenda kuona mkulima anakwenda kwa katibu wa chama na shauri ambalo zamani angelipeleka kwa mchili, mkuu wa mtaa wake, na mchili kwa Mangi.

Serikali nayo ilibadilika sura. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, hakuwapa walowezi marufuku waliyoitaka, lakini alijenga utawala wake juu ya machifu, na chama kisichopitia kwa machifu kilikuwa mwiba. Mwaka 1928 zilipoenea habari kwamba serikali inataka kuandikisha mashamba ya kahawa, viongozi wa KNPA wakapinga. Walihofia kwamba shamba likiandikwa leo, kesho litapimwa, keshokutwa litachukuliwa. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi: chini ya ukanda wa vihamba mashamba ya walowezi na misheni yalikuwa yamekwisha kuwafunga Wachagga kati yao na msitu. Kuanzia hapo ofisi ya wilaya iliacha kukiona KNPA kuwa chama cha kahawa, ikaanza kukiona kuwa chama cha siasa. Kwa kweli kilikuwa vyote viwili. Ardhi, bei na kodi havitenganishwi na mtu anayeishi navyo.

Kisha bei ya dunia ikaporomoka. Mdororo ulioanza mwaka 1929 ulikikuta chama kina madeni, na chama chenye madeni hakina marafiki. Mahesabu yakakaguliwa, Merinyo akashutumiwa kwa ubadhirifu, akaondolewa. Sioni sababu ya kumfanya malaika. Uwekahazina wa chama ulikuwa dhaifu, na viongozi waliozoea kuaminiwa kwa sura hawakuzoea kudaiwa stakabadhi. Hata hivyo, ukizisoma tarehe kwa mfuatano, utaona kuwa serikali ilikuwa na ugomvi na Merinyo kabla ya kuwa na ugomvi na daftari lake.

Dawa iliyoletwa ilikuwa sheria. Mwaka 1931 serikali ilimwalika C. F. Strickland, mtaalamu wa ushirika aliyepata uzoefu wake India, na mwaka 1932 ikatungwa sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika Tanganyika. KNPA ikazikwa, na mwanzoni mwa 1933 ikaandikishwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, chenye vyama vya msingi chini yake. Meneja wake akawa Mwingereza, A. L. B. Bennett, ambaye kabla ya hapo alikuwa ofisa wa utawala, na alikaa hapo miaka mingi. Wakulima waliokuwa na chama walichokianzisha wenyewe wakawa wanachama wa chama walichoanzishiwa. Kahawa ni ileile, mlima ni uleule, funguo za kasha zimehamia kwa mtu mwingine.

Ni lazima pia kusema haki. Kama chombo cha biashara, KNCU ilikuwa bora kuliko iliyotangulia. Mfumo wake ulikuwa rahisi kiasi kwamba mkulima asiyejua kusoma aliweza kuufuata. Alipeleka kahawa yake iliyomenywa na kukaushwa kwenye ghala la chama cha msingi, karibu na nyumbani. Ikapimwa mbele yake. Akapewa malipo ya kwanza na stakabadhi. Chama cha msingi kikapeleka magunia Moshi, kahawa ikakobolewa kiwandani, ikapangwa madaraja, ikauzwa. Baada ya mauzo, gharama zikakatwa, na kilichobaki kikarudi kwa mkulima kama malipo ya pili. Mnunuzi wa dukani alilipa mara moja na hesabu ikaishia hapo. Ushirika ulimrudishia mkulima faida iliyopatikana mbali na macho yake, na kwa sababu hiyo ilibidi amwamini karani, meneja na mnada kwa miezi kadhaa kila mwaka. Malipo ya pili yakawa kalenda ya mlima. Ada ya shule, bati la nyumba, mahari, deni la dukani, vyote viliambiwa vingoje.

Mwaka 1934 Kituo cha Utafiti wa Kahawa kikafunguliwa Lyamungu, na mwaka huohuo likafanyika kosa lililoitesa KNCU kwa miaka mingi. Chini ya mamlaka ya Mamangi ilipitishwa kanuni iliyomlazimisha kila Mchagga kuuza kahawa yake kupitia KNCU. Watetezi wake walikuwa na hoja: chama kikiachiwa mabaki baada ya wafanyabiashara kununua kahawa nzuri, hakiwezi kulipa mikopo wala kupata bei mnadani. Tatizo ni kwamba bei zilikuwa chini, malipo ya pili yakawa haba, na mkulima aliyeona duka la Mhindi linatoa fedha zaidi papo hapo akaambiwa akiuza huko ni mkosaji. Baadhi walitafuta wakili wakaipinga kanuni hiyo mahakamani, bila mafanikio. Septemba 1937 ghasia zikalipuka. Maghala ya vyama vya msingi yakavunjwa na wakulima wenyewe, watu ambao miaka 12 nyuma walijiunga na KNPA kwa hiari. Serikali ikazima ghasia na kuwahamisha baadhi ya viongozi.

Historia rasmi za ushirika huwaita watu wale wahuni waliochochewa na wafanyabiashara. Wachochezi walikuwapo, sikatai. Lakini mkulima hakulivunja ghala kwa kuuchukia ushirika. Aliuchukia ushirika ambao hawezi kuukataa. KNPA ilipaswa kumshawishi kila msimu; KNCU ilikuwa na Mangi wa kumshurutisha, na meneja aliye na Mangi nyuma yake hana sababu ya kumweleza mtu kwa nini malipo yamechelewa. Somo hilo lililipiwa gharama kubwa mwaka 1937, na bado lilisahauliwa.

Baada ya vita vya pili bei ikapanda, na mlima ukabadilika. Barafu iliyoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1953 iliipandisha kahawa ya dunia nzima, na KNCU ikajikuta na fedha ambazo hakuna chama cha wakulima Waafrika katika Tanganyika kilichowahi kuziona. Swali likawa wazifanyie nini, na majibu waliyoyatoa ndiyo sehemu ninayoipenda katika historia hii. Wakajenga makao makuu mjini Moshi, jengo kubwa lenye ofisi na vyumba vya wageni, ili mkulima aliyeshuka mjini asilale barazani kwa mtu. Wakaanzisha shule ya biashara ya kufundisha makarani na wahasibu wao wenyewe. Wakalipia vijana masomo ya juu. Ukitafuta sababu ya Kilimanjaro kuwa mbele kwa shule wakati wa Uhuru, usiishie kwenye misheni. Misheni zilileta walimu. Ada na majengo vililipwa kwa kiasi kikubwa na kahawa, na kahawa ilikuwa na chama.

Merinyo mwenyewe hakupotea. Mwaka 1949 alikuwa pamoja na Petro Njau katika kuanzisha chama cha siasa cha raia Wachagga, kilichotaka mlima uwe na kiongozi mmoja aliyechaguliwa. Mwaka 1951 Thomas Marealle akachaguliwa kuwa Mangi Mkuu kwa kuungwa mkono na chama hicho. Mzee aliyeondolewa kwenye mahesabu ya kahawa alirudi kupitia sanduku la kura.

Wakati huo mbegu ya Kilimanjaro ilikuwa imeota kwingine, ingawa kila mahali ilichukua rangi ya udongo wake. Bukoba, Klemens Kiiza alijaribu mapema kuwaunganisha wakulima wa kahawa na akapata upinzani wa machifu na wa serikali. Ushirika mkubwa wa huko ulikuja baadaye, na mmoja wa mameneja wake alikuwa kijana George Kahama. Mwanza palikuwa na pamba, na ugomvi ulikuwa wa mizani. Wakulima waliamini kwamba wanunuzi wa vinu wanawaibia uzito, wakataka watu wao wenyewe wasimame penye mizani. Kutokana na madai hayo Paul Bomani na wenzake wakajenga umoja uliozaa mwaka 1955 shirikisho la vyama vya ushirika la kanda ya Ziwa Viktoria, likanunua vinu vya kuchambulia pamba, na kufikia Uhuru lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima barani Afrika. Rungwe alikuwapo Jeremiah Kasambala. Bomani, Kahama na Kasambala wote waliingia katika baraza la mawaziri la Tanganyika huru. Serikali ya TANU haikuukuta ushirika kama kitu kigeni. Ilitokana nao kwa sehemu, ikapata humo viongozi waliozoea mikutano na mahesabu.

Ndiyo maana yaliyofuata ni magumu kuyaeleza kwa wepesi. Baada ya 1961 serikali iliamua ushirika uenee nchi nzima, upesi. Mikoa isiyokuwa na zao la kuuza ikaundiwa vyama kwa amri, na makarani wasiofundishwa wakakabidhiwa fedha. Mwaka 1966 kamati maalumu iliundwa kuchunguza malalamiko ya wakulima. Ilikuta wizi na upendeleo, ndiyo, lakini ilipotaja sababu ilitaja pia wanachama wasioelewa ushirika ni nini, uhaba wa watumishi wenye ujuzi, demokrasia dhaifu katika vyama vikuu, na wanasiasa kuingilia kazi. Kwa maneno mengine, ugonjwa mwingi ulitokana na kuharakisha na kuamuru. Tiba iliyochaguliwa ikawa amri zaidi.

Sheria ya vijiji ya 1975 ilikifanya kila kijiji kuwa chama cha ushirika kwa jina. Kwa kuwa kijiji sasa ndicho ushirika, vyama vikuu vikaonekana ni mzigo, na tarehe 14 Mei 1976 vyote vikavunjwa nchini kote. KNCU ikafa siku hiyo pamoja na vingine. Mlimani hapakuwa na uhamisho wa watu kama ule wa mikoa ya kati, maana vihamba vilikuwa vimesongamana tayari. Kilichohamishwa ni mali. Magari, majengo na maghala yaliyojengwa kwa makato ya kila kilo ya kahawa kwa zaidi ya miaka 40 yakagawiwa mamlaka za mazao na mashirika mengine. Mkulima hakuulizwa. Kazi ya kahawa ikapewa Mamlaka ya Kahawa Tanzania, yenye makao Moshi, yenye wafanyakazi wengi na isiyowajibika kwa mwanachama yeyote, kwa sababu haikuwa na wanachama.

Na bahati mbaya ya tarehe hiyo inaumiza. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazil kwa wingi usiowahi kuonekana, na mwaka 1977 bei ya kahawa duniani ikafika kileleni. Chama kilichongoja bei nzuri tangu miaka ya 1950 kilivunjwa mwaka mmoja kabla haijafika. Wakulima wa Kenya waliuza katika bei hiyo kupitia vyama vyao na wakabadilisha maisha. Upande wetu sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ilipungua, nyingine ikaishia katika kodi na gharama za mamlaka, na malipo yakachelewa. Februari 1977 mpaka na Kenya ukafungwa. Ulifungwa kwa magari. Watu wa Rombo waliendelea kuvuka usiku wakiwa na magunia mabegani, wakiuza ng'ambo kwa fedha taslimu. Serikali iliwaita walanguzi. Mimi naona walikuwa wakulima waliofanya hesabu, kama wale wa 1937.

Watu huuliza ni kosa lipi kubwa, la 1932 au la 1976. Kwa maoni yangu ni la pili. Mkoloni alikinyang'anya chama uongozi lakini akaacha muundo: mizani karibu na nyumbani, malipo ya pili, mkutano wa wanachama, mali yenye jina la chama. Ndani ya muundo huo Wachagga walijifunza kazi na mwishowe wakakirudisha chama mikononi mwao. Mwaka 1976 uliondolewa muundo wenyewe, tena na serikali ambayo mkulima hangeweza kuiita ya kigeni. Mwalimu Nyerere alilikiri jambo hilo. Alipokuwa akikaribia kuondoka madarakani, katika mahojiano ya mwaka 1984 alisema kwamba kama angeanza upya asingevunja vyama vya ushirika wala serikali za mitaa. Viongozi wachache wa bara hili wamewahi kusema maneno ya aina hiyo wakiwa bado Ikulu, na anastahili heshima kwa hilo. Maneno hayo hayakurudisha magari.

Sheria mpya ilitungwa mwaka 1982, na KNCU ikaandikishwa upya mwaka 1984. Hata leo mwaka huo umo katika jina lake la kisheria. Ilichorudi nacho ni madeni na mali zilizochakaa, chini ya mfumo ulioufanya ushirika kuwa mojawapo ya jumuiya za CCM. Uhuru wa kisheria ulikuja na sheria ya 1991. Kufikia hapo Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulikuwa umevunjika, mwaka 1989, na bei ilikuwa imeanguka vibaya. Mlimani watu walianza kung'oa mibuni wakapanda nyanya, au wakaongeza ndizi na ng'ombe wa maziwa. Kihamba kilifanya kazi yake ya zamani: zao moja liliposhindwa, familia haikulala njaa. Miti iliyobaki ilikuwa mizee, na vijana walikuwa Dar es Salaam.

Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini. KNCU, iliyozoea kulindwa na sheria tangu 1934, ilijikuta kwa mara ya kwanza ikishindana mbele ya mkulima mwenye hiari. Ilishindwa sehemu nyingi, ikafanikiwa nyingine. Iliuza katika soko la biashara ya haki huko Ulaya, na mwaka 1996 ikazaliwa Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro. Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa Moshi mwaka 1963 kiliendelea kufundisha, na leo ni chuo kikuu kamili.

Tukio lililonipa matumaini zaidi halikutoka makao makuu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyama vya msingi 32 viliamua kuuza kahawa yao bila kupitia KNCU, vikaunda umoja wao, G32, vikakata gharama za ngazi ya katikati na kutafuta wanunuzi wenyewe. Makao makuu yalikasirika, na wapo waliosema ni usaliti wa ushirika. Haukuwa usaliti. Vyama vile havikuukimbia ushirika kwenda kwa mfanyabiashara. Vilijipanga upya kwa ushirika, kwa hiari, na kila kimoja kilijua bei na makato yake.

Ewe mwanachama, msimu ukiisha usingoje kuambiwa. Nenda kwenye mkutano mkuu wa chama chako cha msingi, na mkeo aende akiwa na jina lake kwenye daftari kwa sababu yeye ndiye aliyechuma. Ulizeni kahawa yenu iliuzwa mnada wa tarehe gani, kwa bei gani, na kila shilingi iliyokatwa ilikwenda wapi. Mkikosa majibu, mna haki ya kuuchagua uongozi mwingine siku hiyohiyo.